Kupima risasi ya viwandani kwenye barafu ya Greenland

Barafu ya Greenland ya kabla ya uchimbaji wa madini ina takribani pikogramu moja tu ya risasi (metali, si ya bunduki) kwa gramu, au pungufu, yaani kama sehemu moja kwa trilioni. Kwa hiyo adui wa kwanza ni wewe mwenyewe: glavu zako, kisu chako, chupa yako. Mashine hupima chochote unachoipa.

Anza na chupa. Tumia za polietilini, uziloweke kwenye asidi ya nitriki kwa wiki kadhaa ukibadilisha asidi, kisha suuza kwa maji safi kupindukia (yenye ukinzani wa umeme wa megaohmu-sentimita 18.2). Jaza moja maji hayohayo uipime kama sampuli. Ikionyesha risasi zaidi ya sehemu ya kumi ya unayoitarajia kwenye barafu, rudia usafi. Usijipe moyo kwamba utaitoa baadaye kwa hesabu.

Mche wa barafu, yaani nguzo ya barafu inayotolewa shimoni kwa keekee, una kipenyo cha takribani sentimita 10, na ngozi yake imeshachafuliwa na keekee na mafuta yanayojazwa shimoni. Ndani ya chumba cha baridi, nyuzi −15 hivi, kwangua tabaka kwa tabaka kuelekea katikati, kila tabaka kwa kisu kipya, na upime yote. Risasi ishuke, kisha itulie. Isipotulia, uchafu umefika kiini, mara nyingi kupitia ufa. Tupa kipande hicho.

Njia ya haraka ni kusimamisha kipande chenye upana wa sentimita 3 hivi juu ya bamba la moto lenye mizingo. Maji ya katikati huenda kwenye spektrometa ya masi (mashine inayotambua atomi kwa uzito wake), ya pembeni hutengwa. Tatizo liko juu ya shimo, kwenye theluji ambayo haijashikana kuwa barafu: ina vitundu, hufyonza maji kama utambi, na miaka huchanganyika.

Sasa tenga risasi ya vumbi la asili. Katika ganda la dunia, risasi kwa alumini ni kama 0.0002. Barafu yenye pikogramu 100 za risasi na 10,000 za alumini ina 0.01, yaani mara 50. Hapo vumbi peke yake halitoshi kueleza. Lakini kama hukuipa asidi muda wa kuyeyusha vumbi, alumini itasomeka pungufu na uwiano utapaa bure. Volkano nazo hutoa risasi, basi tazama salfa ya mwaka huohuo, maana nayo hutoka kwenye volkano.

Miaka huhesabiwa kwa mawimbi ya majira ya sodiamu na kalisi, na kufungwa kwa milipuko inayojulikana: Laki (Aislandi) 1783, Tambora (Indonesia) 1815. Kisha zidisha kiwango cha risasi kwa theluji ya mwaka, upate risasi iliyoanguka mwaka huo. Kilo 230 kwa mita ya mraba zenye pikogramu 100 kwa gramu ni mikrogramu 23 kwa mita ya mraba.

Chanzo kinatafutwa kwa isotopu (aina za atomi za risasi zenye uzito tofauti), yaani uwiano wa risasi-206 kwa risasi-207. Risasi ya Broken Hill, Australia (si Kabwe ya Zambia, iliyowahi kuitwa jina hilohilo), ina 1.04 hivi, ndiyo maana ilitambulika Antaktika kuanzia mwaka 1889 hivi. Greenland ni ngumu zaidi, kwa sababu risasi ya migodi miwili iliyochanganyika angani huweza kutoa namba ya mgodi wa tatu. Usitaje mgodi kwa isotopu tupu. Linganisha na miaka ambayo mgodi huo ulikuwa ukichimbwa.