Somo: Mtoto anapotolewa mafindofindo na kuwekewa vijibomba masikioni

Habari zenu wapendwa. Mwanangu Imran alifanyiwa upasuaji hapa Dar es Salaam akiwa na miaka 4. Alitolewa mafindofindo, ambayo wengi tunayaita tonsesi, akatolewa na nyama za puani, kisha akawekewa vijibomba, yaani vimirija vidogo vya kupitisha hewa, kwenye masikio yote mawili. Vyote siku moja, kwa nusu kaputi moja. Kabla ya hapo alikuwa anakoroma kama mzee na anakata pumzi usingizini hadi namtikisa. Mwalimu wake wa chekechea alilalamika kwamba akiitwa haitiki. Mtoto hakuwa mkaidi, alikuwa hasikii, maana maji mazito yalikuwa yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio.

Upasuaji wenyewe ni kazi ya daktari na hauchukui muda mrefu. Siku 14 zinazofuata ni kazi yetu wazazi, na huko ndiko wengi tunakoteseka bila kuambiwa mapema.

Hatua ya 1: Wiki moja kabla

Mwambie daktari kila kitu, hata unachoona hakihusiani. Je, mtoto ana selimundu? Ana pumu? Alipotahiriwa au kung'olewa jino, damu ilichelewa kukata? Kuna jino linalocheza? Anatumia dawa gani, pamoja na za mitishamba? Akipata homa, kikohozi au mafua mazito wiki hiyo, piga simu hospitali. Najua inauma tarehe kusogezwa ukiwa umeshaomba ruhusa kazini, lakini usimfichie mtu wa dawa ya usingizi kifua cha mtoto.

Nunua mapema parasetamoli ya maji, na ibuprofeni kama daktari wako ameiruhusu. Chukua na bomba la sindano bila sindano yake, kwa sababu kijiko cha chai hakipimi sawasawa. Aspirini asipewe kabisa. Kodeini, dawa kali ya maumivu, vilevile: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataza kwa watoto wanaotolewa mafindofindo, baada ya kuonekana kwamba miili ya baadhi yao huigeuza kuwa mofini kwa kasi na pumzi ikadhoofika hadi kufa. Ukiandikiwa, uliza.

Mtoto naye aambiwe ukweli. Siku mbili tatu kabla nilimwambia: "Daktari atakupa dawa ulale, atakutoa vitu vinavyokuzuia kupumua, ukiamka koo litauma, na mama nitakuwepo." Usimdanganye kwamba mnakwenda kununua askrimu. Akigundua, hata dawa ya kesho yake hatakuamini ukimpa.

Hatua ya 2: Kufunga kula

Kwa kawaida chakula, uji na maziwa ya ng'ombe huachwa masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2. Hospitali yako ikikupa muda tofauti, fuata wake. Chakula kikibaki tumboni kinaweza kupanda akiwa usingizini na kuingia mapafuni. Waambie watu wote wa nyumbani, hasa bibi na shangazi. Mtoto wa jirani yangu alirudishwa nyumbani kwa sababu mtu alimwonea huruma alfajiri akampa andazi.

Hatua ya 3: Anapoamka

Hapa nilitetemeka mwenyewe. Imran aliamka analia, anapiga mateke, anataka kung'oa dripu, na hanijui. Nilidhani wamemharibu ubongo. Nesi akaniambia ni dawa ya usingizi inaisha, nimshike tu na niongee naye taratibu. Baada ya nusu saa hivi akanitazama akasema "mama". Watoto wadogo wengi huamka hivyo, na wakishatulia hawakumbuki chochote. Akitapika damu nyeusi kidogo siku hiyo, mara nyingi ni ile aliyoimeza wakati wa upasuaji, lakini mwonyeshe nesi hata hivyo.

Hatua ya 4: Nyumbani, dawa kwa saa na maji kwa lazima

Kama utasahau mengine yote, shika hili. Koo lisilomeza hukauka, likikauka huuma zaidi, likiuma zaidi mtoto anagoma kumeza. Unaukata mzunguko huo kwa kumpa dawa ya maumivu kabla maumivu hayajapanda, kisha maji nusu saa baadaye.

Usiku wa pili Imran alilala vizuri, nikaona vibaya kumwamsha, nikaruka dozi. Asubuhi aliamka anashika shingo, mate yanachuruzika, hata mate yake mwenyewe hayamezi. Ilituchukua siku nzima kumrudisha kwenye hali aliyokuwa nayo. Tangu hapo niliweka kengele kwenye simu usiku na mchana kwa siku saba.

Parasetamoli kwa kawaida ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila masaa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 16 anapata miligramu 240. Sasa soma chupa: zipo zenye miligramu 120 katika mililita 5, na zipo zenye 250 katika mililita hizohizo 5. Mililita 10 za chupa ya kwanza ni dozi yake sahihi. Za chupa ya pili ni zaidi ya mara mbili yake. Mpime uzito hospitali, uandikiwe kiasi kwenye karatasi, ubandike ukutani.

Kinywaji kiwe kidogo kidogo: maji baridi, madafu, uji mwepesi uliopoa, mtindi, askrimu, barafu ya kumung'unya. Ukwaju, machungwa na embe bichi huchoma. Juisi ya rozela, ubuyu na vitu vyote vyekundu niliviweka kando, maana akitapika hutajua ni rangi au ni damu. Chakula kigumu akikitaka mwenyewe, mpe. Akikataa siku tatu nne lakini anakunywa na kukojoa, usihangaike. Akipitisha masaa 8 bila kukojoa, mrudishe hospitali.

Jiandae pia kwamba siku ya tatu hadi ya tano huwa mbaya kuliko ya kwanza. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani kuna kitu kimeharibika. Mdomo utanuka, sauti itatokea puani, na atasema masikio yanauma hata kama hayakuguswa, kwa sababu koo na sikio vinashiriki mshipa mmoja wa fahamu.

Hatua ya 5: Damu

Damu inaweza kutoka ndani ya masaa 24 ya kwanza, au tena kati ya siku ya 5 na ya 10, utando wa kidonda unapobanduka. Mstari mwembamba kwenye mate unaweza kuuona. Damu mbichi inayotoka mdomoni au puani, hata ikikoma yenyewe, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, usiku wa manane au mchana. Akiwa amelala ukasikia anameza meza bila kukoma, washa taa umtazame koo. Kwa hiyo msisafiri kwa wiki mbili. Wanaotoka mikoani watafute ndugu mjini wakae hapo. Kidonda kikitoka damu basi likiwa katikati ya pori, hakuna wa kukusaidia.

Vijibomba vya masikio havina shida kubwa. Vinapitisha hewa nyuma ya ngoma ya sikio, na mara nyingi vinadondoka vyenyewe kati ya miezi 6 na 18.

Maswali ya wanachama

Mama Wawili, Mwanza: *Dada, leo siku ya nne, nimemulika koo la mwanangu nimeona vitu vyeupe kama usaha pande zote mbili. Ni maambukizi?*

Pole dada. Huo ni utando wa kidonda kinachopona, mahali palipokuwa na mafindofindo. Usiukwangue wala kuupaka kitu. Homa ikipita 38.5 na dawa haiishushi, au akiacha kunywa, mpeleke.

Baba Nasra, Tanga: *Mama Imran, mama yangu anasema tusipoteze hela hospitali, tukakate kimeo kwa mzee mmoja, mtoto atapona.*

Kaka, mheshimu mama lakini usimpeleke mtoto. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Mafindofindo yako pembeni. Kukikata hakutibu kukoroma kwa mtoto wala masikio, na watoto hufika hospitali wakivuja damu au na kidonda kilichooza, tena kwa wembe usiojulikana ulipotoka. Mchukue mama muende naye kliniki, daktari amwonyeshe mwenyewe kwa tochi. Mama mkwe wangu alikubali hivyo.

Umm Salim, Zanzibar: *Wetu ana vijibomba na baharini hatoki. Nimzuie?*

Kuogelea juu juu kwa kawaida hakuna tatizo. Kupiga mbizi, maji ya madimbwi na maji ya sabuni ya kuogea ndiyo ya kuepuka. Sikio likianza kutoa usaha, anahitaji dawa ya matone kutoka kwa daktari. Usitie mafuta ya nazi wala kitunguu saumu.

Mama Junior, Dodoma: *Wangu ana selimundu, na daktari amesema atolewe mafindofindo. Naogopa sana.*

Pole sana mama. Uliza mambo matatu: ataongezewa damu kabla au la, dripu itaanza saa ngapi ili asikaukiwe na maji wakati amefunga kula, na atalazwa siku ngapi baadaye. Daktari wake wa selimundu na wa koo wazungumze kabla ya tarehe, wasikutume wewe kubeba maneno. Mvalishe joto siku hiyo, vyumba vya upasuaji vina baridi.

Mama Wawili, Mwanza: *Asante dada. Na dawa akiitema?*

Mpigie daktari uulize ile ya kuweka njia ya haja kubwa, ipo ya parasetamoli. Au mwache ashike bomba mwenyewe, asukume kidogo kidogo pembeni mwa shavu, kisha barafu mara moja. Wangu alikubali siku alipoanza kumpa dawa mwanasesere wake kwanza.