Shawa inakushika stima? Soma hii kabla hujaoga tena

Kwenye ploti nyingi hapa Nairobi, ukimwambia keateka shawa inakushika stima ukigusa mfereji, jibu ni lile lile, ah hiyo ni kawaida, vaa slipas. Si kawaida bana. Kale kamshtuko kwenye vidole maana yake kuna stima imetoka kwenye njia yake na inatafuta pa kushukia, na hapo bafuni haijapata pengine ila wewe, umelowa na umesimama kwenye sakafu imelowa. Slipas zikishalowa hazikingi kitu, halafu mkono mmoja ukiwa kwenye mfereji wa chuma na mwingine umegusa shawa stima inapita kifuani moja kwa moja, hata miguu haihusiki. Kwa hivyo ikikushika hata kidogo, zima swichi, usiitumie tena mpaka ijulikane shida iko wapi.

Naongelea zile shawa za instanti, za plastiki, zinazofungwa juu kwenye bomba na kupasha maji yakipita, ziko karibu kila keja kuanzia Kasarani mpaka Rongai. Nyingi zinakula wati 5500. Stima yetu ni volti 240, ukigawa unapata ampia 23 hivi, na soketi ya ukutani mwisho wake ni ampia 13. Shawa basi haichomekwi kwa soketi, haichukui stima kwa waya wa taa, na haipachikwi kwenye laini ya soketi za bedroom eti juu fundi ameona ndiyo iko karibu. Inataka laini yake peke yake kutoka kwa boksi ya fyuzi, waya wa kopa wa milimita 4 kama ni karibu, na 6 kama ni mbali au kama unataka kulala bila wasiwasi (namba imeandikwa kwenye ganda la waya, soma, usikubali kuambiwa tu), breka yake ya ampia 32, na ile swichi kubwa ya ampia 45 yenye taa ndogo nyekundu, ikae nje ya bafu. Hiyo swichi inakata laini zote mbili, laivu inayoleta stima na nyutro inayoirudisha, ndiyo kazi yake. Kuna ingine ya ampia 20 ni ya hita za tangi, zile za wati 3000, na ndiyo watu wengi wanafungiwa kwa shawa kwa sababu ni bei rahisi, halafu inayeyuka polepole ukutani mwaka mzima bila mtu kujua. Ukinunua shawa ya wati 7500 hapo umefika ampia 31, breka inapanda hadi 40 na waya usishuke chini ya 6.

Kukagua anza na macho na pua, usifungue kitu. Kifuniko cha swichi kimegeuka rangi ya chai? Baada ya kuoga kausha mkono uguse hicho kifuniko, kama ni moto kuna muunganisho umelegea huko ndani. Ukisikia harufu ya samaki na hakuna mtu anapika samaki, hiyo ni plastiki ya swichi inaungua, enda uzime meinswichi sasa hivi. Kisha angalia juu ya shawa pale waya zinatoka ukutani. Mara nyingi utakuta zimesokotwa kwa mkono zikazungushiwa tepu nyeusi, na hapo ndipo moto huanzia, kwa sababu mvuke wa kila asubuhi unaingia, kopa inageuka kijani, muunganisho unalegea, ukilegea unapata joto, ukipata joto unalegea zaidi, mpaka siku tepu inadondoka ikiwa nyeusi na ngumu kama makaa. Waya za shawa zinafaa kuunganishwa na konekta ya kauri, ile nyeupe ngumu ya kukazwa na skurubu. Ile ya plastiki laini ni ya taa.

Sasa waya wa ethi, na hapa tukae kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Shawa inatoka kiwandani na waya tatu, mbili za stima na moja ya kijani, au kijani na njano. Hiyo ya tatu ndiyo inabeba stima iliyotoroka ishuke ardhini badala ya kupitia kwako. Shida ni kwamba shawa inafanya kazi vizuri kabisa bila hiyo waya, maji yanapata moto, mpangaji anafurahi, fundi analipwa, kwa hivyo ni rahisi sana kuikunja na kuificha. Zima breka, hesabu. Kama ni mbili tu zimeingia ukutani na ya kijani inaning'inia, umepata jibu lako. Wengine huifunga kwa bomba, na zamani hiyo ilikuwa na maana kidogo kwa sababu mabomba yalikuwa ya chuma na yaliingia ardhini, lakini siku hizi mabomba ni ya PPR, plastiki tupu, kwa hivyo umefunga ethi kwa kitu hakipitishi stima. Wengine wanaiunganisha na nyutro, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu nyutro ikikatika mahali fulani basi kila chuma kilichofungwa kwa hiyo ethi kinakuwa na stima, hata ukiwa umezima breka ya shawa.

Na hata ikifungwa vizuri kwa bafu, fuata mpaka mwisho. Nje karibu na boksi ya mita kuna waya mnene wa kijani unaoshuka hadi kwenye chuma kilichopigwa ardhini. Enda uone kama bado uko. Kopa ina soko kwa skrapu, na kuna ploti waya huo ulikatwa usiku na hakuna mtu aligundua juu taa zinawaka tu kama kawaida. Testa ya bisibisi haiwezi kukuambia kama ethi ni nzima, hiyo inapimwa na mashine yake, na fundi wa ukweli anayo au anajua wa kumkodishia.

Kitu cha pili ni RCD, ile swichi ya kwa boksi inayokata stima ikianza kuvuja. Watu hudhani breka ikishakuwepo wako salama. Breka ya ampia 32 inalinda waya usiungue, wewe haikujui. Stima ya kusimamisha moyo ni ndogo sana, makumi ya miliampia tu, na breka haitatikisika. RCD ya miliampia 30 ndiyo inaangalia kama stima iliyoenda ndiyo imerudi, na ikiona pengo inakata kabla hujamaliza kusema mama. Ina kitufe kimeandikwa T, kibonyeze kila mwezi, ikikataa kuruka ibadilishwe. Nyumba nyingi za zamani hazina kabisa, na kuongeza moja kwa laini ya shawa si kazi ya siku nzima.

Kuna jambo la maji ambalo mtu hakuambii dukani. Shawa za kawaida elementi yake iko uchi ndani ya maji, ule waya uliojiviringa ukifungua kifuniko. Kwa maji matamu, yale yanatoka bwawa la Ndakaini, inayovuja ni kidogo na ethi inaimaliza. Lakini mfereji ukikauka wiki nzima na landilodi akaita bauza, maji yanayoingia tangini mara nyingi ni ya borehole, na ya upande wa Syokimau na Kitengela yana chumvi ya kuonja. Chumvi inapitisha stima. Ndiyo maana shawa iliyokuwa imetulia inaanza kukushika ghafla na hakuna mtu ameigusa. Ndiyo maana pia RCD inaanza kuruka kila asubuhi, halafu fundi anakuja anasema hii RCD ni mbaya, anaitoa, anaunganisha moja kwa moja, anaenda zake. RCD ilikuwa inasema ukweli. Kama maji yenu ni ya chumvi, au hamjui leo yatatoka wapi, nunua shawa ya maji ya chumvi, ile elementi yake imefunikwa ndani ya mrija wa chuma. Ni ghali zaidi kiasi, sawa, na bado inataka ethi.

Matumizi ni rahisi. Shawa mpya ipitishe maji kwanza kabla ya kuwasha, elementi ikiwaka kavu inakatika hapo hapo. Usibadilishe kile kitufe cha moto na baridi maji yakiwa yanatoka, funga maji kwanza. Tundu zikiziba na chokaa zisugue na mswaki, shawa ikiwa imezimwa kwa breka. Ukimaliza kuoga zima swichi na mkono mkavu. Dakika kumi ni karibu yuniti moja ya tokeni, hiyo nayo ni sababu.

Mtu akishikwa usimguse. Kimbilia meinswichi. Kama huifikii, simama pakavu umsukume na mti mkavu wa ufagio au kiti cha plastiki. Kama hapumui piga simu 999 au 112, Red Cross ni 1199, na mtu mwingine aanze kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, ishuke sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Akiamka akasema yuko sawa bado apelekwe hospitali apimwe moyo.

Kuhusu fundi, uliza leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya nishati, anayo au hana. Mwambie asifunike swichi kabla hujaona ndani, uone waya tatu, uone hakuna uzi wa kopa umebaki nje ya skurubu. Abonyeze T mbele yako. Kama landilodi anavuta miguu, mwandikie meseji badala ya kumpigia ili ibaki na tarehe, piga picha ya ile waya ya kijani inaning'inia uambatanishe, na mwambie na majirani kwa sababu ethi ni ya ploti nzima na wao pia wanashikwa. Wakati mnangoja, breka ya shawa ikae imezimwa, mpashe maji kwa gesi muoge na beseni.