Kabla ya kubadili Windows, ipime mausi kwanza

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanahamia Windows 11, na wenye mashine za zamani zisizo na TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 huidai, wanakimbilia Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure ya familia ya Linux. Baada ya kuhama, malalamiko huanzia kwenye mausi: mshale unaruka, unasuasua au hauonekani kabisa. Mfumo mpya husingiziwa mengi, kwa hiyo ipime mausi kabla hujafuta chochote. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine. Ikiwa unabofya mara moja na faili linafunguka kana kwamba umebofya mara mbili, swichi iliyo chini ya kitufe imechakaa, na hakuna mfumo utakaoiponya.

Mausi isiyo na waya ina balaa lake. Nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, na vifaa vya USB 3.0 vikiwa kazini hutoa kelele za redio kwenye masafa hayohayo. Intel ililieleza jambo hili tangu 2012. Sasa fikiria: mfumo unasanikishwa kwa flashi ya USB 3.0, nayo imekaa ubavuni mwa kipokezi cha mausi. Mshale usidundedunde kwa nini? Hamishia kipokezi upande wa pili wa mashine, au kisogeze mbali kwa waya wa kurefusha. Ya Bluetooth itabidi kuiunganisha upya, basi azima ya waya mapema, hata iwe ya bei ya chini kabisa.

Kwenye laptopu, mtihani mkubwa ni ile padi ya kugusa. Nyingi zenye prosesa ya Intel huunganisha padi kwa I2C, njia ya mawasiliano ya ndani ya mashine, na Windows iliyowekwa upya inaweza kukosa draiva ya Serial IO, yaani programu ndogo inayoiendesha njia hiyo. Padi haisikii, Wi-Fi nayo huenda imegoma, na draiva ziko intaneti! Pakua mapema ya padi na ya Wi-Fi kutoka tovuti ya mtengenezaji, uziweke kwenye flashi ya pembeni. Jizoeze kibodi pia: Tab husogeza, Enter hukubali, kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M, hufungua orodha ya vifaa.

Anayekwenda Linux ana nafasi nzuri zaidi, kwani mfumo huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Usiuangalie uzuri wake tu. Kokota faili, zungusha gurudumu, kisha iache mausi itulie kidogo uone kama itaamka mara moja. Wakati mwingine mfumo huikatia umeme ili kuokoa betri. Halafu piga picha mipangilio ya kasi ya mshale uliyoizoea kwenye Windows. Linux Mint hukokotoa kasi kwa namna yake, kwa hiyo mausi nzima kabisa inaweza kuonekana nzito mkononi hadi uirekebishe.