SOMO: Jinsi mimi na mzee wangu tunavyosaidia watu kutafuta ukoo wao huku Dodoma (wastaafu wenzetu someni)

Habari zenu wapendwa, wakubwa wote shikamooni. Kila siku mtu ananiuliza inbox, mama, nyie na mzee mnafanya nini hasa mkishuka na makaunta buku huko Chamwino, Bahi mpaka Kongwa, na wapo wastaafu wenzetu wanataka nao waanze ila hawajui waanzie wapi. Basi leo naliweka lote hapa, ni refu, someni mpaka chini ndo muulize.

Kwanza utumishi wenyewe. Sisi ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na kwetu wanandoa wazee wanaweza kuitwa kuwa wamisionari, siyo wale vijana wa mashati meupe peke yao. Mnajigharamia wenyewe, afya iwe inaruhusu, msiwe na watoto wadogo wa kulea nyumbani, kiongozi wenu anapeleka maombi na wito unakuja kwa barua. Wanaotumwa mbali wanakaa miezi 6 mpaka 23, wengine wanatumikia huku wanalala kwao, na sisi ndo tuko hivo. Kazi ziko za aina nyingi, sisi tumeshika historia ya familia. Tunatumia FamilySearch, shirika la historia ya familia lenye mtandao wake wa kutunza ukoo, ni la kanisa letu, lilianzia Utah kule Marekani mwaka 1894, ila akaunti ni bure na anafungua mtu yeyote, awe Mwanglikana, Mkatoliki, Mwislamu au hana dini.

Sasa shikeni hili kuliko yote nitakayosema. Kazi hii inanoga ikifanywa na wawili, mume na mke, na waende kwa wazee walio hai kabla hawajagusa ofisi wala mtandao. Karatasi itakungoja. Bibi wa miaka tisini hakungoji.

HATUA YA 1. Anza na familia yako. Wewe, wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, jaza unachokijua kwa penseli, pengo liache wazi. Hapo sina maneno mengi.

HATUA YA 2. Chagua msimu. Huku kwetu mvua inaanza Desemba mpaka Aprili, watu wako shamba, ukienda unawapotezea muda na watakujibu juu juu tu. Nenda baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti, uwele na mtama umeshaingia ndani, watu wana nafasi na moyo wa kuongea. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe, halafu uende na ndugu wa ile familia, asiwe mgeni mtupu anaingia na daftari. Na salimia kwa Kigogo, ukisema mbukwenyi ukaitikiwa, ukakaa, ukaulizwa habari za nyumbani, hapo ndo mazungumzo yameanza, hata kama nusu saa imeshaisha na hujaandika kitu.

HATUA YA 3. Gawaneni. Hapa ndo roho ya somo.

Babu wa Kigogo akiwa na wanaume wenzie atakupa ukoo wa baba (wenyewe wanaita mbeyu), mwiko wao, walitokea wapi, nani kamzaa nani kwenda juu vizazi vitano au sita, tena anatiririka bila kukwama. Muulize sasa mke wa huyo babu yake alikuwa anaitwa nani na katoka kwa nani, unaona anamwangalia mwenzie. Muulize watoto waliofariki wachanga, hana. Hayo yote yako kwa bibi, na bibi hawezi kuyasema mbele ya kundi la wanaume, na mwanaume mgeni akimfuata jikoni kumuuliza uzazi wake ni kukosa adabu. Ndo maana mzee wangu anabaki chini ya mti na babu, mimi naingia ndani.

Kuna bibi mmoja upande wa Mvumi tulimkuta anamenya karanga kwenye ungo. Nikakaa kwenye mkeka, nikachukua na mimi za kwangu nikawa namenya. Nikamuuliza watoto, akasema saba. Huko nje mumewe naye alishamwambia mzee wangu saba. Nikamwambia, bibi, na waliotangulia? Akanyamaza, akaokota punje akaiweka pembeni ya ungo, huyu wa mwaka tuliohamishwa. Akaweka mbili kwa pamoja, hawa pacha, hawakumaliza wiki. Akaweka nyingine, huyu alishaanza kutambaa, surua. Punje nne pembeni ya ungo, na akanitajia majina ya wawili, wale pacha hawakuwahi kupewa. Nikaandika wote kumi na moja, pacha nikawaandika pacha. Alipoona nimewaandika na wao akaniuliza, na hawa wanaingia? Nikamwambia bibi, wanaingia, ni wako. Kijana wake wa mwisho, mtu mzima na familia yake, alikuwa mlangoni, hakuwahi kusikia habari za hao wanne. Mnaelewa ninachosema? Hakuna ofisi Tanzania hii ingekupa wale watoto.

Kwa hiyo maswali ya kwa bibi: mama yako nani, mama yake mama yako nani, mkunga aliyekuzalisha nani, uliolewa ukitokea kijiji gani, mahari ilikuwa nini na nani alipokea, waliotangulia ni akina nani. Swali la mahari lisikupite, maana ng'ombe waligawanywa kwa wajomba na baba wadogo, akikutajia nani alipata ng'ombe yupi ameshakuchorea ndugu wote.

Rekodi kwa simu, ila omba ruhusa kabla, na useme itasikilizwa na nani. Jioni badilisha jina la faili, weka jina la mzee, kijiji na tarehe, ukiacha namba za simu tu baada ya mwezi hujui ipi ni ipi. Na andika kwenye kaunta buku hata kama unarekodi, simu inazima, inaibiwa, inaingia maji.

HATUA YA 4. Miaka. Mzee ukimuuliza ulizaliwa mwaka gani atakutajia wa kwenye kitambulisho, na ule mara nyingi ulikadiriwa na karani. Muulize kulikuwa na nini. Mambo tunayoyatumia sisi huku kati ni haya: reli kufika Dodoma 1910, njaa ya Mtunya 1917 mpaka 1920, mradi wa karanga wa Waingereza kule Kongwa 1947 mpaka 1951, Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Dodoma ya kuhamia vijijini 1971, Vita vya Kagera 1978 na 1979.

Mfano, mzee anasema Uhuru umekuja mimi nachunga ndama. Mtoto wa kuchunga ndama ana miaka mitano mpaka minane hivi, ng'ombe wakubwa hajapewa bado, kwa hiyo kazaliwa kati ya 1953 na 1956. Unaandika hivohivo, kati ya 1953 na 1956. Usichague namba moja ili ipendeze kwenye fomu, anayekuja baada yako ataiamini na kutafuta mtu asiyekuwepo.

Kuhusu Mtunya ulizeni kwa utaratibu, muda mwingi. Ile ilikuwa vita ya Wajerumani na Waingereza, majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua nayo ikakata. Watu walikufa na watu walitawanyika kutafuta chakula. Ndo maana ukoo mmoja unakuta tawi liko Mpwapwa, lingine halijulikani liko wapi, na ukifuatilia nyuma unakuta limekatikia hapo hapo. Ukiuliza "nani hakurudi baada ya Mtunya" unafungua mlango mwingine kabisa.

HATUA YA 5. Makaratasi, sasa ndo zamu yake. Omba uoneshwe lile sanduku la bati au mfuko wa nailoni chini ya godoro. Utakuta kadi ya TANU, risiti za kodi, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, na kama babu alienda umanamba kwenye mkonge unaweza kukuta kipande, ile kadi yake ya kazi. Piga picha mchana nje kwenye kivuli, pande zote mbili, urudishe mkononi mwake palepale, usiondoke na karatasi ya mtu hata kwenda kutoa kopi.

Makanisani kuna vitabu vya ubatizo na ndoa. Waanglikana wameanza kuingia Mpwapwa tangu miaka ya 1870 kwa hiyo kule kuna historia ndefu. Parokia za Katoliki vile vya zamani vimeandikwa Kilatini, ukiona natus ni kuzaliwa, baptizatus ni kubatizwa, filius mtoto wa kiume, filia wa kike. Nenda na barua, mwone paroko au mchungaji, usifike Jumapili. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa nayo ina kituo hapa Dodoma, ila yale ni mafaili ya serikali, yanakufaa kama babu alikuwa jumbe, karani au mwalimu.

Na makaburi. Watu walipohamishwa 1971 waliacha makaburi kwenye mahame, huko kwenye miji ya zamani porini. Mzee akiwa na nguvu mwombe akupeleke, akishafika pale anaanza kukumbuka nyumba zilikaaje, huyu hapa, yule pale, majina yanakuja yenyewe.

HATUA YA 6. Kuingiza kwenye mti wa ukoo wa FamilySearch. Kabla hujaongeza mtu, tafuta kama ameshawekwa na ndugu mwingine, msiwe na babu mmoja mara tatu. Aliye hai kwa kawaida anaonekana kwenye akaunti yako tu, aliyefariki anaonekana kwa wote na mtu mwingine anaweza kumrekebisha, kwa hiyo kwenye kila jina andika chanzo, nani kasema, wapi, lini. Sauti na picha zinapandishwa pia, chagueni vipande vifupi maana bando nalo ni hela.

HATUA YA 7. Rudini. Mwende na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, muwasomee familia nzima, mtarekebishwa hapo hapo na mtapewa majina mapya. Nakala inabaki kwao.

MASWALI YA WANACHAMA

Kondoa: Assalam aleykum mama. Somo zuri ila nasikia majina ya marehemu mnayabatiza. Sisi ni Waislamu, inakuwaje?

Waaleykum salaam mwanangu. Nakujibu bila kuficha. Ni kweli, sisi tunaamini ubatizo kwa niaba ya waliofariki, unafanyika hekaluni, na imani yetu ni kwamba marehemu ana uhuru wa kukubali au kukataa. Muumini anatakiwa apeleke ndugu zake mwenyewe, siyo watu baki, na kama marehemu kazaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita lazima ndugu wa karibu aliye hai aridhie. Ila nakueleza pia kwamba marehemu akiwekwa kwenye mti wa mtandaoni anaonekana na kila mtu. Kama moyo wako hautaki, usimweke. Tutakuandikia kwenye kaunta buku yako, ibaki kwenu, na tutakuja kwa moyo uleule. Tena nyie fulani bin fulani bin fulani inawarahisishia sana.

Chemba: Mama wazee wengine wanadai hela ndo waongee, tufanyeje?

Peleka sukari, majani ya chai, sabuni, ni heshima ya mgeni, hilo halina shida. Kulipa kwa jina hapana kabisa, ukilipa kwa jina majina yatazaliwa palepale.

Dodoma mjini: Shikamoo mama. Kwetu jina la mwisho linabadilika kila kizazi, mimi natumia la babu, mwanangu anatumia la baba yangu, kwenye mtandao naandika lipi?

Marahaba. Jina lake mwenyewe kwanza, la baba yake mwisho, kila mtu hivohivo, na majina mengine aliyoitwa weka kwenye sehemu ya majina mbadala, la utoto, la ubatizo, la kazini. Usilazimishe ukoo mzima uwe na jina moja la mwisho kama Wazungu.

Bahi: Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama, upande wa baba nikiuliza naambiwa achana nako. Nina miaka 34. Naumia mama.

Pole sana mwanangu. Upande wa mama uandike wote kwanza, ni wako kamili. Mama usimbane, huenda kuna kitu kilimuumiza. Nenda kwa dada zake au rafiki zake wa rika lake, mmoja mmoja, ukae nao kwa kazi, siyo kwa daftari. Ukipata jina usiende peke yako kwenye ile familia, nenda na mjomba, yeye ndo mwenye kuongea kwa niaba yako. Na kama upo karibu nitafute inbox, nitakuja nikae na bibi yako.

Chamwino: Tulijaribu kwetu watu wakagoma, wakasema tumekuja kupima viwanja.

Hilo lipo sana tangu serikali ihamie huku, ardhi imepanda bei na watu wameshaonja migogoro, hofu yao ina msingi. Usiulize mipaka ya shamba, usipige picha hati, usiandike nani anamiliki nini. Mwenyekiti aseme mbele yao mmekuja kwa ajili gani. Na ndugu akikuomba orodha ili akadai mirathi, mwambie aende kwenye baraza la ukoo na mahakamani, kaunta buku yetu haiendi huko. Halafu msiwasumbue kwa sasa, rudini baada ya mavuno, mwanze na nyumba moja tu inayowakubali.