Kabla ya kugusa jeti: pikipiki ya zamani na hewa ya Dodoma

Pikipiki ya kabureta iliyozoea Dar es Salaam ikiletwa Dodoma huanza visa mapema: inakula mafuta, plagi inajaa masizi, na ukivuta mafuta mpaka mwisho inakohoa badala ya kukimbia. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku juu mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Kabureta ya Honda CG125 au Yamaha ya miaka ya themanini haina sensa ya kulijua hilo. Haipunguzi petroli kwa kiasi kilekile hewa ilivyopungua, kwa hiyo mafuta yanazidi. Joto la Oktoba na Novemba nalo huifanya hewa iwe nyepesi zaidi.

Wengi wakishasikia hayo hukimbilia jeti ndogo, yaani kile kipande cha shaba cha ndani ya kabureta chenye tundu la kupitishia petroli. Subiri kwanza. Cha kukagua mapema kuliko vyote ni ea klina (chujio la hewa), maana vumbi letu jekundu la kiangazi likiziba sponji, injini inaonyesha dalili zilezile za mwinuko: moshi mweusi, kukohoa, plagi nyeusi. Ukipunguza jeti huku ea klina imeziba, pikipiki itatulia na fundi atasifiwa. Wiki ijayo unaosha sponji, hewa inaingia yote, na sasa mafuta ni machache kuliko inavyotakiwa. Osha sponji, ikaushe kivulini, ipake oili kidogo na uikamue, ndipo uanze kuzungumza habari za jeti.

Kinyume chake ni mpira unaounganisha kabureta na injini. Jua na ukavu wa huku huupasua nyufa ndogo zinazovuta hewa ya wizi. Washa injini, iache ingurume polepole, kisha pulizia maji kidogo kuuzunguka mpira huo. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Usiendelee na kutyuni mpaka uvibadilishe, mpira pamoja na gasketi yake. Hakikisha pia vali zina nafasi yake sahihi na plagi ni nzima. Fungua bakuli la kabureta umwage kilichomo, hasa kama umewahi kujaza petroli ya chupa za barabarani; maji na mchanga hukaa hapo chini. Jeti isafishe kwa upepo wa kompresa. Waya wa breki hapana! Unakwangua shaba na kupanua tundu, halafu namba iliyoandikwa kwenye jeti haina maana tena.

Kazi yenyewe ifanye injini ikiwa imepata moto, mida ya saa nne asubuhi hivi. Asubuhi ya Julai hewa ni ya baridi na nzito, saa nane mchana wa Oktoba ni nyepesi mno. Ukityuni kwenye ncha mojawapo utaumia kwenye nyingine. Anza na skrubu ya pembeni mwa kabureta. Kabla ya kuichomoa, ikaze taratibu huku ukihesabu mizunguko, uiandike. Kisha tazama iko upande gani: ikiwa upande wa ea klina inaongoza hewa, kuifungua kunapunguza utajiri wa mafuta, ikiwa upande wa injini inaongoza petroli, kuifungua kunayaongeza. Mafundi wawili wanaweza kubishana mchana kutwa kwa sababu kila mmoja anazungumzia kabureta tofauti.

Ikisumbua katikati, ukiwa umevuta mafuta nusu, mhusika ni sindano inayopanda na kushuka ndani ya kabureta. Kupandisha klipu yake, kile kibanio kidogo kinachoishikilia, ngazi moja kunaishusha sindano na kupunguza mafuta. Kwa pikipiki kuukuu angalia pia kama tundu ambamo sindano hupita halijalika. Likilika mafuta yatazidi hata uhangaike vipi na klipu. Jeti kubwa, ile kuu inayolisha injini ukivuta mafuta yote, iwe ya mwisho, na ushuke hatua moja tu kwa wakati, mathalani kutoka 100 kwenda 98. Ipime kwenye lami iliyonyooka nje ya mji isiyo na magari: gia ya tatu, vuta mafuta yote, kisha bana klachi na uzime swichi kwa pamoja. Plagi yenye rangi ya kahawia iliyofifia ni nzuri. Nyeupe ni onyo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine ni safari. Kupanda kwenda Singida, kwenye mita kama 1,500, kutakugharimu petroli na masizi tu. Kushuka ndiko kunakoua injini. Pikipiki iliyobanwa mafuta kwa ajili ya Dodoma, ikifika Morogoro kwenye mita kama 500 na ukaikimbiza, itapata joto kali, na zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili hunoki upesi, yaani pistoni hukwama. Barabara ya Iringa ni mtego zaidi: inashuka mpaka Mtera, kama mita 700, kisha inapanda tena kupita mita 1,500. Kwa safari ya namna hiyo chagua jeti inayofaa sehemu ya chini kabisa, uvumilie uzito huko juu.

Jeti ya zamani usiitupe. Ifunge kwenye kipande cha nailoni pamoja na karatasi yenye namba yake, mizunguko ya skrubu na ngazi ya klipu, uiweke chini ya siti pamoja na bisibisi.