Jinsi ya kusimamia mahudhurio ya wafanyakazi bila kugombana kila mwisho wa mwezi

Nasimamia bekari hapa Dar, tuko 16, shifti mbili, mchana na usiku. Ntaelezea tunavyofanya sisi, wewe mwenye gereji, mgahawa au duka la hadwea utabadilisha masaa tu maana shida ni zile zile.

Anza na daftari, usikimbilie mashine ya alama za vidole. Chukua kaunta buku kubwa, piga mistari: tarehe, jina, saa ya kuingia, saini, saa ya kutoka, saini, halafu acha sehemu pana ya maelezo. Liweke mlangoni wanapopita wote, sio ofisini kwa bosi, likiwa ofisini bosi akitoka na funguo siku nzima inapotea.

Kitu cha kwanza kabisa kukubaliana, na watu wengi hawakifikirii, ni saa gani mnaandika. Mmoja anaandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, mwingine anaandika 8:00 kwa muda ule ule sababu kaangalia simu, na wa shifti ya usiku naye ana 2:00 yake ambayo ni saa mbili usiku. Mwisho wa mwezi unakaa na daftari hujui nani kafanya nini. Sisi tunaandika kama simu inavyoonyesha kwa masaa 24, yani 08:05, 14:00, 22:00, na tunafuata saa moja tu iliyopo ukutani. Na shifti inayovuka usiku wa manane inaandikwa kwenye tarehe aliyoingia mtu, mstari mmoja, la sivyo mtu mmoja atahesabiwa siku mbili na mwingine atapunjwa.

Halafu kuna kusainiana. Siku moja nilifungua ukurasa nikakuta majina manne yamefuatana, wino ule ule, mwandiko ule ule umelalia kushoto, wote 07:55, na mmoja wao nilikua najua kabisa yuko Morogoro msibani. Kilichoniuma ni kwamba angeomba ruhusa ningempa. Toka hapo tukaiga ile ya maofisi ya serikali na mashule, mstari mwekundu. Ikifika 08:15 msimamizi wa shifti anahesabu watu kwa macho, anapiga mstari, anasaini chini yake, na anayekuja baadae anaandika chini ya mstari muda wake wa kweli. Saini ya kutoka hakuna kuiweka mapema. Na wewe msimamizi saini kama wengine, kila siku, ukichelewa andika umechelewa, watu wanaangalia sana hilo kuliko unavyodhani.

Kutokuwepo kuna aina nyingi, usiandike zote "hayupo". Sisi tuna R ya ruhusa, L ya likizo, U ya ugonjwa akiwa na ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazini, na H ya aliyekosa bila taarifa. Taarifa inatolewa kwa simu kabla ya saa ya kuingia, kwa mtu mmoja anayejulikana, kutupia meseji kwenye grupu la wotsapu saa tano asubuhi hatuhesabu kama taarifa. Hizi herufi zina uzito. Kwa sheria yetu ya ajira ya 2004 mtu ana likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na kwa kanuni zake mtu akikosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa hilo ni kosa kubwa linaloweza kumtoa kazini, ila lazima asikilizwe kwanza. Sasa ukiwa umechanganya U na H unaweza kumfukuza mgonjwa, na ukienda CMA, tume inayoamua migogoro ya kazi, huna cha kuonyesha.

Daftari hilo hilo ndio linakupa ovataimu. Masaa ya kawaida mwisho ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6, na ovataimu lazima mkubaliane, isizidi masaa 50 ndani ya wiki 4. Mfano mtu analipwa 390,000 kwa mwezi: gawa kwa 4.333 unapata kama 90,000 kwa wiki, gawa kwa 45 unapata 2,000 kwa saa, kwa hiyo saa ya ovataimu ni mara moja na nusu, 3,000. Wa usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, anaongezewa asilimia 5 kwa kila saa. Mtu aliyebaki dakika 40 kila siku kusubiri mkate utoke kwenye oveni anaidai hiyo hela kihalali, na bila daftari hataipata.

Faini ya kuchelewa achana nayo. Najua wengi wanakata elfu mbili, elfu tano, lakini sheria hairuhusu mwajiri kujikatia tu mshahara wa mtu anavyotaka. Kaa nae, muonyeshe ukurasa, muulize. Tulikua na dada wa kaunta anachelewa dakika 20 au 25 kila siku za shule, wikiendi anawahi kuliko wote. Ukiangalia daftari unaona wazi kabisa, alikua anampeleka mtoto. Tukamsogezea shifti ianze 08:30 atoke nusu saa baadae, ikaisha hapo. Ikishindikana ndio onyo la maandishi.

Kuhusu mashine za kidole, zinasaidia mkiwa wengi, zinamaliza kabisa kusainiana. Ila jaribu kwanza na mikono ya watu wako, wanaoshika unga, saruji au grisi kutwa nzima alama hazisomeki vizuri, na umeme ukikatika lazima daftari liwepo. Pia alama za vidole ni taarifa nyeti chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, waambie watu unazichukua za nini, wakubali, na anayeondoka zake zifutwe.

Tarehe 25 najumlisha, kila mtu nampa mstari wake auone kabla mshahara haujaandaliwa: siku alizofanya, ovataimu, R, U, H. Anayepinga tunafungua ukurasa wa siku hiyo tunaangalia pamoja, nikikosea mimi narekebisha mbele yake, anasaini, napiga picha kurasa zote za mwezi nahifadhi. Madaftari ya zamani situpi, yako kabatini toka tulipoanza.