Kuhuisha leseni ya uuguzi na ukunga: anzia wodini

Chukua leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, tazama inaisha lini. Iandike tarehe hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha rudi nyuma miezi sita uandike tarehe nyingine. Hiyo ya pili ndiyo ya kuifanyia kazi. Mimi ni mkunga, nasimamia wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya huku Ukerewe. Simu nyingi ninazopokea kuhusu leseni huja siku za mwisho: mtandao haushiki, cheti cha semina hakionekani, na mtu yuko zamu ya usiku.

Tuelewane kwanza. Usajili ni jina lako kuingia kwenye daftari la Baraza baada ya kufuzu. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, nayo ina mwisho wake. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, kuwa umesajiliwa hakutoshi kama leseni imekwisha. Mama anayeshuka kwenye mtumbwi saa nane za usiku akiwa na uchungu hawezi kutukagua vyeti. Anatuamini. Kwangu mimi, leseni ni namna ya kuiheshimu imani hiyo.

Kazi kubwa iko kwenye mafunzo endelevu, yaani kuendelea kujifunza ukiwa kazini, ambayo Baraza huyatazama unapohuisha leseni, na hapa ndipo wengi tunakwama kwa kudhani kwamba mafunzo ni semina ya hotelini Mwanza mjini yenye begi na posho. Nafasi za semina hizo ni chache, na sisi wa visiwani mara nyingi tunazisikia zikiwa zimekwisha. Usizisubiri. Kaa na wenzako wa wodi mjiulize: ni dharura gani ikiingia sasa hivi itatutetemesha mikono? Hiyo ndiyo mada yenu ya kwanza.

Sisi tulianza na kuvuja damu baada ya kujifungua. Kila mmoja wetu anajua oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa. Lakini je, anajua nani anakimbilia dripu, nani anakanda mji wa mimba, nani anaandika muda? Utafiti wa E-MOTIVE uliotolewa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba pale damu ilipopimwa kwa mfuko maalumu badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa mkupuo, madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe zilikuwa zilezile tunazozijua. Kwa hiyo zoezi letu likawa kupangana. Mmoja analala kitandani kama mama, mwingine anashika saa, wa tatu anakwenda kabatini kutafuta asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia kuzuia damu, gramu 1 ya kwenye mshipa, ambayo inapaswa kutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Tukimaliza tunakagua friji: oksitosini inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, na huku umeme ukikatika lazima mtu mmoja awe na jukumu hilo kwa jina.

Mazoezi mafupi ya namna hii yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Mkoa wetu wa Mwanza ulikuwa miongoni mwa mikoa 5, pamoja na Geita, Shinyanga, Tabora na Manyara, iliyotekeleza mpango wa Safer Births, ambamo wakunga walijizoeza palepale kazini, kidogo kidogo na mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 40. Ukisikia mtu anasema mazoezi ya wodini si mafunzo ya kweli, mweleze hayo.

Sasa uandishi. Siku hiyohiyo, kabla hujavua gauni la kazi, andika kwenye daftari lako tarehe, mada, aliyefundisha, muda mliotumia, ulichojifunza, na kitu kimoja mtakachobadilisha wodini. Kisha mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, atie sahihi. Kipengele cha mwisho ndicho ninachokitazama sana ninapopitia daftari za wadogo zangu. “Nimejifunza kuhusu kifafa cha mimba” ni maneno matupu. “Tumeweka magnesiamu salfeti, sindano na kadi ya dozi kwenye trei moja karibu na kitanda cha kwanza” hapo nimeona mkunga aliyejifunza. Jina la mgonjwa lisiingie kabisa kwenye daftari hili, wala picha ya faili lake, wala stori zake kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa mafunzo ya nje au ya mtandaoni, uliza kabla hujalipa kama yanatambuliwa na Baraza, na kama yanakupa alama. Cheti kizuri chenye mhuri kisichotambulika hakitakusaidia. Kila cheti unachopata, kipige picha inayosomeka pembe zote nne, ukitunze kwenye simu na kwenye barua pepe yako. Cha karatasi kiweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, hasa kama utasafiri nacho ziwani, maana maji ya mawimbi hayachagui begi.

Vingine ni vya haraka. Hakikisha majina yako kwenye cheti cha chuo, kitambulisho cha NIDA na usajili yanalingana herufi kwa herufi. Dada zangu mlioolewa mkachukua jina la mume, hili linawahusu zaidi, na kiapo cha majina kwa wakili huchukua muda. Akaunti yako kwenye mfumo wa Baraza fungua mwenyewe, kwa namba ya simu na barua pepe unazozitumia kila siku. Usimwachie kijana wa stesheneri neno la siri. Ada lipa kwa kumbukumbu namba uliyopewa na mfumo, tena jina la anayelipwa lilinganishe kabla hujathibitisha. Anayekuambia umtumie hela kwenye simu yake ili akuharakishie, mkatalie hata kama ni rafiki, na risiti yako itunze.

Wenzangu wa Ukara, Irugwa na visiwa vidogo ambako mtandao huja na kuondoka, tumieni safari ya kufuata chanjo au kupeleka ripoti Nansio. Njooni na nyaraka zote zikiwa tayari kwenye simu, ombeni kukaa kwa muuguzi mkuu wa wilaya dakika chache, mjaze mfumo pale huku mkiwa na mtu wa kuuliza. Fanyeni hivyo asubuhi, kabla mfumo haujaelemewa na kabla chombo cha kurudi hakijaanza kupakia.

Nanyi wafawidhi, kaka na dada zangu, bandikeni orodha ya tarehe za leseni za watumishi wote ukutani ofisini, yenu ikiwa ya kwanza. Mkunga akibakiza miezi sita, mpangieni asubuhi moja isiyo na zamu ashughulikie leseni yake, na siku hiyo mtafutieni wa kumshikia wodi.